Safu ya Lugha: Kubalehe si Kupevuka

Juzi nilisoma tangazo likiisifu riwaya ya vijana kuwa ni "hadithi ya kubalehe". Hapana. Kubalehe, au kubaleghe, ni neno lenye asili ya Kiarabu, kwa maana ya kufika: mwili umefikia umri wa kuweza kuzaa. Asili hiyohiyo ndiyo iliyotupa balagha, usemi unaomfikia msikilizaji barabara. Mvulana akivunja sauti na ndevu zikianza kuota, amebalehe. Hilo ni jambo la mwili.

Kinachosimuliwa vitabuni ni kupevuka, neno la matunda na la mwezi mpevu: akili inaiva polepole. Ndivyo anavyopevuka Kongowea wa Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora ya mwaka 1996, safarini kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta babake. Makocha wa watoto nao waisikie tofauti hii: mchezaji wa miaka 13 aliyewapita wenzake kwa kimo na nguvu huenda amebalehe mapema tu. Bado ni chipukizi, yaani mche mchanga. Akikosa penalti akalia, msimkaripie. Mwili umefika, moyo ungali njiani.