Majina ya Waliofia Safari ya Angani

Msafiri aliyepotelea baharini, watu wa pwani hii, kuanzia Likombe hadi mlangoni mwa Ruvuma, humsalia sala ya ghaibu na kumsomea hitima, wakamtaja kwa jina lake na la babake, ijapokuwa kaburi hana. Kwa hiyo hawataona ajabu kwamba mataifa yaliyorusha watu angani nayo yalilazimika kutafuta ada ya kuwaheshimu waliofia huko.

Pwani yetu haikuwa mbali na habari hizo. Tunguu, Unguja, kilikuwako kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury, na tarehe 20 Februari 1962 kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyomfuatilia John Glenn alipoizunguka dunia. Wanne wote walioizunguka katika mradi ule walirejea salama. Kituo kikafungwa baada ya Mapinduzi ya 1964.

Msiba ulikuja tarehe 27 Januari 1967. Virgil Grissom, Edward White na Roger Chaffee waliteketea ndani ya chombo cha Apollo wakiwa katika majaribio, kabla hawajaiacha ardhi, kwa sababu chumba kilijaa oksijeni tupu, na mlango, ambao ulifungukia ndani, ulibanwa na nguvu ya hewa iliyopanda ghafula. Mwezi Aprili mwaka ule ule Mrusi Vladimir Komarov alianguka, parachuti yake isifunguke sawasawa. Na mwaka 1971 Wasovieti watatu, Dobrovolsky, Volkov na Patsayev, walikufa kwa kukosa hewa, valvu ilipofunguka wakiwa njiani kurudi, nao hawakuvaa mavazi ya kuwahifadhi.

Agosti 1971 mwanaanga Mmarekani David Scott aliacha mwezini sanamu ndogo ya aluminiamu, fupi kuliko kiganja, na kando yake kibao chenye majina 14 ya Wamarekani na Wasovieti, yaliyochanganywa pasipo kubagua taifa. Hata hivyo halikuwamo la Robert Lawrence, Mmarekani mweusi wa kwanza kuteuliwa kuwa mwanaanga, aliyekufa Desemba 1967, wala la Valentin Bondarenko, aliyeungua mazoezini mwaka 1961. Jina la Lawrence lilichongwa katika mnara wa kumbukumbu wa Florida mwaka 1997. La Bondarenko lilifichwa na serikali yake takriban miaka 25, na pamoja nalo ikafichwa sababu ya kifo chake, ambayo ni moto katika chumba chenye oksijeni nyingi kupita kiasi, yaani hatari ile ile iliyowaua Grissom na wenzake.

Chombo cha Wamarekani cha Challenger kilipopasuka mwaka 1986, saba wakafa, walijengewa makumbusho mengi. Lakini mwaka 2003 saba wengine walikufa ndani ya chombo cha Columbia, bawa lake likiwa limetobolewa na kipande cha povu gumu, ambalo lilikwisha kuonekana likibanduka katika safari nyingi za nyuma na kuhesabiwa jambo la kawaida. Minara haina budi ijengwe, lakini kosa lililomwua marehemu lastahili kutajwa kwa sauti ile ile itajayo jina lake, apate kulisikia atakayepanda chombo baada yake.