Pilipili mbichi katika jiko la Angurai na Malaba

Pilipili mbichi ya kijani ni tunda la mmea wa jenasi ya Capsicum lililochumwa kabla ya kuiva. Likiachwa mtini hugeuka jekundu, la manjano au la rangi ya chungwa, na sukari yake huongezeka. Likichumwa kijani huwa na ladha ya majani mabichi na harufu kali inayofungua hamu ya chakula, hata pale ukali wake unapokuwa mdogo. Mmea huu asili yake ni bara la Amerika, na Wareno ndio waliousambaza kwenye pwani za Afrika na India katika karne ya 16. Kabla ya hapo, chakula cha pwani yetu kilikolezwa kwa pilipili manga na tangawizi.

Angurai iko katika nchi ya Wateso, kaskazini mwa Kaunti ya Busia, karibu na Malaba, ambako barabara kuu ya Mombasa inavuka kuingia Uganda. Vyakula vya eneo hili ni ugali wa wimbi, mtama na muhogo, mboga za kienyeji, karanga na ufuta, pamoja na omena na samaki wengine kutoka Ziwa Victoria, ambalo kaunti hii inaligusa upande wa Port Victoria na Sio Port. Kila kimoja kina namna yake ya kupokea pilipili. Mpishi anayeikatia pilipili kila sufuria kwa mtindo mmoja anajinyima nusu ya faida yake.

Sokoni pilipili za kijani huuzwa kwa mafungu, na aina zake si za kuchanganya ovyo. Pilipili ndefu, nyembamba na iliyochongoka, ndiyo ya kazi za kila siku. Pilipili kichaa ni ndogo kama punje ya mhindi iliyorefuka, na ukali wake huizidi ile ndefu mara nyingi. Pilipili mbuzi ni fupi, imejikunja, na ina harufu inayokaribia ya matunda. Hoho haina ukali wowote, ni mboga. Chagua iliyo ngumu na inayong'aa, yenye kikonyo cha kijani. Iliyolegea au yenye doa laini huoza siku mbili tatu tu baada ya kununuliwa. Ujue pia kwamba matunda ya mti mmoja hayalingani: mmea uliokosa maji mara nyingi huzaa pilipili kali zaidi, kwa hiyo zile za kiangazi hupimwa upya.

Ukali huo unatokana na kemikali iitwayo kapsaisini. Wengi hulaumu mbegu, lakini kapsaisini hutengenezwa katika utando mweupe unaoshikilia mbegu, na mbegu huambukizwa tu kwa kuugusa. Ukitaka harufu bila moto mwingi, pasua pilipili kwa urefu, kwangua utando huo kwa ncha ya kisu, kisha katakata ganda. Jambo la pili ni muhimu zaidi kwa mpishi: kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta, wala si kwenye maji. Ndani ya mchuzi mwepesi usio na mafuta, ukali haushikani na chakula, na hukushtua koo kwa ghafla. Ndani ya karanga iliyosagwa huenea taratibu na kulainika.

Hapo ndipo jiko la Angurai linapoyapita majiko mengi. Chukua kunde, ambazo Wateso huziita eboo. Majani huchemshwa hadi yalainike, kisha karanga au ufuta uliosagwa huchanganywa na maji kidogo na kumiminwa sufuriani. Pilipili isitangulie. Itiwe pamoja na karanga, ikiwa imetwangwa kinuni na chumvi, halafu moto upunguzwe na mwiko uendelee kuzunguka, kwa sababu karanga hushika chini upesi. Dakika kumi zinatosha. Matokeo ni joto la polepole linaloanza baada ya tonge la pili na kubaki hadi mwisho wa sahani. Ugali wa wimbi, wenye uchachu wake, unapatana na mboga hii kuliko ule wa mahindi meupe. Mchuzi wa karanga wa kulia samaki wa kukaushwa hupikwa kwa kanuni hiyohiyo.

Katika maharage njia nzuri ni kuitia pilipili nzima, bila kuikata, maharage yakishaiva na kuungwa. Ganda likibaki zima hutoa harufu na kuuzuia ukali ndani. Anayetaka moto huipasua sahanini mwake, na watoto hula maharage yao bila machozi. Onyo ni moja: usikoroge kwa nguvu, maana pilipili iliyopasuka sufuriani haina dawa.

Omena inataka kinyume chake. Ioshwe kwa maji ya moto, ikaushwe, ikaangwe hadi ikauke vizuri, ndipo vitunguu na pilipili vitiwe katika mafuta yaleyale. Sekunde thelathini za mwanzo ndizo zinazotoa harufu, na mvuke wake huwakohoza wote walioko jikoni, kwa hiyo fungua dirisha. Nyanya zifuate mara vitunguu vinapoanza kubadilika rangi. Pilipili nzima isiingizwe katika mafuta ya moto bila kutobolewa, kwa sababu hewa iliyo ndani hupanuka, ganda hupasuka na mafuta huruka.

Mbichi kabisa, au ikiguswa na moto kidogo tu, pilipili huliwa kwenye kachumbari ya nyama choma na ndani ya chapati ya mayai, ile ambayo Uganda nzima inaiita rolex. Kwa chapati, ikatwe nyembamba sana na kupigwa pamoja na mayai, nyanya na kitunguu kabla ya kumiminwa kwenye kikaango. Kwa kachumbari, ikae katika chumvi na ndimu robo saa kwanza. Chumvi huinyonya maji na kulainisha ganda. Ikiliwa hivyo, huhifadhi vitamini C yake, ambayo moto mrefu huiharibu.

Juu ya makaa, pilipili ndefu hugeuzwa hadi ngozi iwe na madoa meusi, kisha hutwangwa na chumvi na nyanya iliyochomwa. Huo ni mchuzi wa kuchovya muhogo wa kuchemsha, na kwangu mimi hakuna ulio bora kuliko huo.

Kuhusu rangi: ndimu, nyanya na siki hugeuza kijani kuwa rangi ya zeituni iliyofifia pilipili inapopikwa. Munyu, yaani maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharage, ambayo majiko ya magharibi mwa Kenya hutumia kulainisha mboga, hulinda kijani hicho, ila hupunguza vitamini. Basi munyu uwe kidogo, na ndimu ikamuliwe sufuria ikishaepuliwa.

Zikiwa nyingi, pilipili huhifadhiwa kwa siki na chumvi ndani ya chupa iliyochemshwa, au huachwa ziive na kukaushwa juani. Kuzizamisha mbichi ndani ya mafuta na kuziweka kabatini ni hatari: mafuta huzuia hewa, na bakteria wanaosababisha botulizimu hustawi pasipo hewa bila kubadilisha harufu wala ladha.

Mikono inayowasha baada ya kukata ipakwe mafuta ya kupikia kwanza, kisha ioshwe kwa sabuni. Maji matupu hayasaidii. Mdomo uliounguzwa hutulizwa na maziwa au mala, kwa kuwa protini ya maziwa huibandua kapsaisini ulimini. Na ukiwa na wageni usiowajua vyema, pika chakula cha upole na uweke pilipili iliyotwangwa pembeni katika kibakuli, kila mtu ajipimie.