DAWA YA MAJI NA UFUNGUO WA STOO
Historia fupi ya klorini katika safari zetu



Kila mwaka inapofika tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, kamati yetu huandika habari za shule, za mashamba na za wazee waliotutangulia. Mwaka huu tumeona vema kuandika habari za kitu ambacho kila mmoja wetu hukinywa kila siku, lakini wachache wamekiona kwa macho. Nacho ni ule unga mweupe unaotiwa katika tangi la maji. Wengine huuita klorini, wengine HTH kwa sababu ya herufi zilizo juu ya pipa, na akina mama bombani huuita dawa ya maji tu. Jina lake la kitaalamu ni hipokloriti ya kalsiamu.

ULIKOTOKA UNGA HUU

Unga huu haukuanza kama dawa. Mwaka 1799 Charles Tennant wa Scotland alipata hati ya kutengeneza unga wa klorini na chokaa kwa ajili ya kung'arisha vitambaa. Mwaka 1847, katika hospitali moja ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari wanawe mikono kwa maji ya chokaa ya klorini, na vifo vya wazazi vikapungua sana. Mwaka 1897 mji wa Maidstone, Uingereza, uliposhikwa na homa ya matumbo, mabomba yake yalisafishwa kwa unga huo. Na mwaka 1908 mji wa Jersey City, Marekani, ulianza kuutia katika maji ya watu kila siku. Unga tunaoutumia sasa ni mkali zaidi kuliko ule wa kale: katika kila gramu 100, gramu 65 hadi 70 ni nguvu ya klorini.

KATIKA NJIA ZETU

Historia ya maji katika West Nile ni historia ya watu kukimbia na kurudi. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, na hasa mapigano yalipozidi mwaka 1980, watu wa Arua na Koboko walivuka mpaka kwa maelfu kwenda Sudan na Zaire. Kwa hiyo mwenyeji anayetupokea leo, mara nyingi yeye mwenyewe au baba yake aliwahi kupanga foleni ya maji katika nchi ya watu. Bibi Barbara Harrell-Bond aliwafuata wakimbizi hao kule Sudan, na katika kitabu chake Imposing Aid cha mwaka 1986 alionyesha jinsi misaada inavyopangwa bila kuwauliza wanaosaidiwa. Neno hilo tulishike, tutalirudia.

Kisha zamu ikageuka. Mwaka 1993 wimbi kubwa la ndugu kutoka Sudan liliingia Koboko, na kuanzia mwaka 1994 wengi wao walihamishiwa Ikafe. Mwaka huohuo wa 1994, ng'ambo ya pili, Wanyarwanda wapatao nusu milioni hadi laki nane waliingia Goma, penye mawe ya volkano yasiyochimbika kisima wala choo. Karibu watu 50,000 walifariki katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Wale miongoni mwetu waliotoka Kongo wanajua watu walioiona Goma ile. Tangu hapo hakuna mtaalamu anayebishana tena: penye umati na maji machafu, klorini hutangulia.

Mwaka 2013 makazi ya Lobule yalifunguliwa Koboko kwa ajili ya ndugu wa Kongo. Mwaka 2016 na 2017 watu wa Sudan Kusini wakajaa Bidibidi, Rhino Camp na Imvepi, na malori yakawa yanabeba maji mchana kutwa. Kila lori na kila tangi lilihitaji dawa. Kila dawa ilihitaji stoo. Hapo ndipo shauri letu linapoanzia.

KITU KILEKILE KINACHOOKOA

Klorini huua vijidudu kwa sababu huvichoma. Hutoa oksijeni kwa nguvu, ikala kila kilicho na uhai au kilichotokana na uhai. Lakini haichagui. Ikikutana na dizeli, mafuta ya kupikia, sabuni, vumbi la mbao, karatasi au gunia, huvila hivyo pia, na kula kwenyewe huwa ni moto. Ndiyo maana pipa lina alama ya manjano yenye duara lililowaka moto juu yake. Maana yake si kwamba unga unawaka, bali kwamba unawasha vingine.

Hata joto peke yake latosha. Mwaka 1998 meli ya makontena iitwayo DG Harmony, iliyobeba unga huu, iliungua baharini karibu na Brazil. Ikiwa meli ya chuma imeshindwa, sembuse stoo ya mabati chini ya jua la Februari?

SIKU YA MOSHI

Sisi wenyewe tulifundishwa kwa njia ngumu. Miaka kadhaa iliyopita, majira ya mvua, stoo moja ya maji katika makazi ilikuwa na mapipa ya klorini upande mmoja na dizeli ya jenereta upande wa pili. Kifuniko cha pipa moja hakikufungwa sawasawa. Kijana wa zamu, hali hajafundishwa na mtu, alichota unga kwa kopo lililokuwa limepimia dizeli. Unga ukaanza kutoa sauti kama mafuta ya kukaanga, kisha moshi, kisha mwali. Vijana walitupa mchanga na blanketi. Blanketi likawa kuni.

Mzee mmoja aliyepita ndiye aliyewaita wote watoke nje na kusimama upande unakotoka upepo. Hakufa mtu. Yule kijana alikohoa wiki nzima na macho yake yalivimba. Lakini pipa liliisha, na kwa siku tatu maji hayakutiwa dawa. Watu walirudi kijitoni, na watoto waliharisha. Tulipouliza kwa nini kijana hakufundishwa, tuliambiwa kwamba maagizo yalikuwapo. Kweli yalikuwapo, kwa Kiingereza, ndani ya faili, ofisini mjini.

TULIYOJIFUNZA

1. Klorini ikae peke yake, mbali na mafuta, asidi, mbolea, chakula na nguo.
2. Stoo iwe kavu, yenye kivuli na madirisha ya hewa. Mapipa yainuliwe kutoka sakafuni, yasibebane sana, na la zamani litumike kwanza, maana nguvu ya unga hupungua kadiri unavyokaa.
3. Kopo la kuchotea liwe la plastiki, kavu, na lisifanye kazi nyingine kamwe.
4. Unga hutiwa ndani ya maji. Maji hayamwagwi juu ya unga.
5. Usichanganye na klorini ya aina nyingine, hata kama zote ni nyeupe. Zikikutana zinaweza kulipuka.
6. Vaa glavu, miwani na barakoa. Ukiingiwa machoni, osha kwa maji mengi angalau dakika 15, kisha nenda zahanati.
7. Moto ukitokea, ondoeni watu kwanza. Unga una oksijeni yake wenyewe, kwa hiyo kuufunika hakuuzimi. Maji machache huuchokoza. Maji mengi, kutoka mbali, huupoza.

Kwa kupima: gramu 15 za unga wa asilimia 70 katika lita moja ya maji hutoa dawa ya asilimia moja. Baada ya kuitia katika tangi, subiri dakika 30. Maji ya bombani yabaki na klorini ya miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Maji ya tope yatulizwe kwanza, maana tope hula dawa kabla ya vijidudu.

OMBI LETU

Kwa watumishi wa mashirika twaomba mambo matatu. Maagizo yabandikwe mlangoni mwa stoo kwa Kiswahili, Kikakwa, Kilugbara na Kiarabu cha Juba. Kila mlinzi wa tangi afundishwe kabla ya kupewa ufunguo. Na kamati ya maji ya wakazi iruhusiwe kukagua stoo kila mwezi.

Na kwenu, ndugu wakazi: msikubali mtu awagawie unga huu katika mfuko ili mfulie nguo nyumbani. Mashirika yatakuja na yataondoka, kama tulivyoona tangu 1993. Watoto watakaokunywa maji haya ni wetu, na ufunguo wa stoo hiyo nao ni wetu kuulinda.