Shahada Fungamano ya Sheria: Istilahi na Ushahidi wa Njia ya Misafara

Kijana wa India anayemaliza sekondari akitaka kuwa wakili ana njia mbili. Anaweza kusoma shahada nyingine kwanza, kisha akarudi darasani kwa miaka 3 ya sheria; au anaweza kuingia moja kwa moja katika programu ya miaka 5, akatoka na sheria pamoja na fani nyingine: sanaa, biashara, sayansi au menejimenti. Njia hii ya pili ilipata sifa kubwa baada ya 1988, pale darasa la kwanza la Chuo Kikuu cha Taifa cha Sheria lilipoanza masomo mjini Bangalore chini ya N. R. Madhava Menon. Kanuni za Elimu ya Sheria zilizotolewa na Baraza la Mawakili la India mwaka 2008 zinadai masomo 20 ya lazima ya sheria, yakiwemo mikataba, madhara, jinai, katiba, mali, familia, ushahidi, mwenendo wa mashauri ya madai na falsafa ya sheria. Kuna pia masomo 4 ya vitendo: uandishi wa hati, maadili ya uwakili, usuluhishi na mahakama ya mazoezi. Anayechukua sheria na sanaa huongezewa historia, siasa, uchumi na sosholojia. Shahada ya namna hii tuiiteje kwa Kiswahili? Swali hili lina uzito zaidi Tanzania tangu Sheria Namba 1 ya 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, maana lugha iliyopewa kazi ya kuhukumu haina budi kupewa pia kazi ya kufundisha wanaohukumu.

Neno linalokuja haraka ni “jumuishi”, lakini limeshachukuliwa. Mwalimu yeyote nchini akisikia “elimu jumuishi” anaelewa elimu inayowapokea watoto wenye ulemavu darasa moja na wenzao. Ukimwambia “shahada jumuishi ya sheria” atauliza habari za njia za viti vya magurudumu na vitabu vya nukta nundu, na atakuwa na haki ya kuuliza. “Unganishi” halina kosa kubwa, ila linasema machache: mabehewa ya treni yameunganishwa pia, na kila moja lina mzigo wake usiohusiana na wa jirani. “Mtangamano” limekwisha kuzoeleka katika habari za Jumuiya ya Afrika Mashariki. “Mseto” lina utamu wake, lakini mseto wa wali na choroko ukishapondwa hutambui tena kipi ni kipi, na mwanasheria hawezi kuruhusu kifungu cha sheria kipondwe kiasi hicho. Ninalolitetea hapa ni “fungamano”. Vitu vilivyofungamana hubaki viwili, kila kimoja na umbo lake, lakini huwezi kukivuta kimoja bila kukisogeza kingine. Muundo wa neno nao haumtishi mtu, kwa kuwa kila aliyepita kidato cha pili ameshakutana na sentensi changamano. Na kwa wanaojali nasaba ya maneno, jirani zetu wa Kenya walilipa jina hili historia ya kikatiba: katika nyumba iitwayo Ufungamano jijini Nairobi, mwishoni mwa 1999, viongozi wa dini na asasi za kiraia walianzisha mchakato wao wa katiba, ambao mwaka 2001 uliungana na tume ya katiba iliyoongozwa na Yash Pal Ghai. Ghai huyo ndiye aliyekuwa akifundisha sheria Dar es Salaam miaka ya 1960.

Lakini istilahi haipimwi kwa sauti yake tu. Hupimwa kwa kuuliza kama jambo inalolitaja lipo kweli. Je, masomo ya sheria na masomo ya jamii yanafungamana, au yanakaa tu katika ratiba moja? Mahali pazuri pa kulijaribia swali hili ni Tabora, ambako sheria ya India na biashara ya bara vilikutana kabla ya mkoloni kujenga boma. Misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, Ugogo na Mgunda Mkali hadi Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, kisha Ujiji, ilibeba merikani, kaniki, shanga na baruti zilizokopwa Unguja, mara nyingi kwa wafanyabiashara wa Kihindi. Tippu Tip mwenyewe, aliyeyasimulia maisha yake kwa Kiswahili, alifadhiliwa na Taria Topan. Wakopeshaji hao walikuwa chini ya himaya ya Uingereza, hivyo madai yao yalisikilizwa na mahakama ya balozi wa Uingereza pale Unguja, iliyotumia sheria za India na kupeleka rufaa zake Mahakama Kuu ya Bombay. Baadaye, mwaka 1920, sheria kadhaa za India ziliingizwa rasmi Tanganyika. Nyingine hazijaondoka hata leo, zimebadili jina tu: sheria yetu ya mikataba ya 1961 inafuata ile ya India ya 1872 hadi namba za vifungu, na ile ya mwenendo wa mashauri ya madai ya 1966 imejengwa juu ya sheria ya India ya 1908. Mwanafunzi wa Kitanzania anayekariri kifungu cha 10 au cha 73 cha mikataba anakariri namba ile ile aliyoikariri mwenzake wa Bangalore.

Chukua kifungu cha 56, kinachohusu jambo lisilowezekana. Kinasema, kwa maneno yangu, kwamba mkataba wa kufanya jambo ambalo baadaye limekuwa haliwezekani hubatilika. Lakini kama aliyeahidi alijua, au kwa uangalifu wa kawaida angeweza kujua, kwamba jambo hilo haliwezekani, na mwenzake hakujua, atalipa fidia. Sasa tunga swali la mahakama ya mazoezi. Mfanyabiashara wa Tabora amekopa nguo Unguja na kuahidi kurudisha pembe za ndovu kutoka Ujiji. Mwaka 1871 vita vinazuka kati ya Waarabu wa Unyanyembe na Mirambo wa Urambo. Mirambo anafunga njia, anawashinda, anaingia Tabora yenyewe, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa mji, anauawa. Pembe hazikufika. Deni limekufa? Aliyefunzwa mikataba peke yake atakimbilia neno “vita” na kusema mkataba umebatilika, na atakuwa na kichaka cha kujificha, maana sheria ya India yenyewe inatoa mfano wa vita vinavyozuia meli kupakia shehena bandarini.

Hata hivyo jibu lake litaanguka mara tu mtu atakapofungua ramani. Septemba 1871 Henry Morton Stanley alitoka Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akazunguka kusini kuikwepa nchi ya Mirambo, akafika Ujiji na kumkuta Livingstone kabla mwaka haujaisha. Kwa hiyo Ujiji ilifikika. Kilichofungwa ni njia fupi. Sheria ya mikataba hutenganisha jambo gumu na jambo lisilowezekana, na anayetueleza lililotokea ni lipi kati ya hayo mawili ni mwanahistoria na mwanajiografia. Kisha kuna suala la kujua. Nguvu za Mirambo hazikuota usiku mmoja, na ugomvi wake na wafanyabiashara kuhusu ushuru wa njia haukuwa siri kwa mtu anayekaa Tabora, ingawa ungeweza kuwa siri kwa mkopeshaji wa Unguja. Mwanauchumi naye ana la kusema: mkopeshaji aliyetoza bei ya juu kwa sababu bara kuna hatari amekwisha kulipwa kwa kuibeba hatari hiyo, na kumpa fidia tena ni kumlipa mara mbili. Hakuna hata moja kati ya hoja hizi iliyo nje ya kifungu cha 56. Maneno “haliwezekani” na “angeweza kujua” ni milango, na funguo zake ziko katika madarasa ambayo kwa desturi mwanafunzi wa sheria hapiti.

Mambo ya wapagazi yanaonyesha fungamano hilo kwa ukali zaidi. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kwa ujira wa nguo na posho ya kila siku, na mara nyingi alipokea sehemu ya ujira kabla ya safari. Wengi wao, kama alivyoonyesha mwanahistoria Stephen Rockel, walikuwa watu huru waliouza nguvu zao na kujua bei yake. Mpagazi akitoroka njiani na malipo ya awali, sheria ya mikataba inamtambua kama mtu aliyevunja mkataba, na dawa yake ni fidia ya kifungu cha 73. Lakini sheria ya Tanganyika ya 1923 kuhusu mabwana na watumishi wenyeji ilimpeleka mtumishi mtoro kwenye adhabu ya jinai, kama sheria ya India ya 1859 ilivyowafanyia vibarua wa kule. Tendo lile lile lilikuwa deni kwa tajiri na kosa kwa kibarua. Darasa la mikataba halitamweleza mwanafunzi kwa nini, wala darasa la jinai. Issa Shivji alipoandika juu ya sheria, dola na tabaka la wafanyakazi Tanzania katika kitabu chake cha 1986, alilazimika kuwa mwanasheria na mwanahistoria wa uchumi katika ukurasa mmoja. Neno “hongo” nalo linatosha kumwangusha asiye na historia: katika kumbukumbu za misafara lilikuwa ushuru unaofahamika, uliolipwa kwa watemi kwa ajili ya njia na maji, na msomaji wa leo aliyezoea matangazo ya TAKUKURU ataona rushwa kila kambi.

Wapo watakaosema kwamba mifano hii ni ya kale, na wakili wa Mahakama Kuu Kanda ya Tabora leo anashughulika na viwanja, mirathi na mikopo ya tumbaku. Sawa, tuichukue mirathi. Sehemu kubwa ya sheria ya kimila inayotajwa mahakamani ilitangazwa mwaka 1963, na kazi ya kuikusanya iliongozwa na Hans Cory, mtaalamu wa mila aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni. Aliyeandika kile ambacho hakimu wa mahakama ya mwanzo anakitumia kugawa shamba hakuwa hakimu. Ukitaka kukipinga kifungu chake, lazima ujue alivyouliza, aliwauliza wazee gani, na kama wanawake waliulizwa. Hiyo ni sosholojia, na kesi ni ya juzi.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande wa India yenyewe. Katika vyuo vingi vya huko, husemwa, masomo ya jamii hurundikwa miaka ya mwanzo na sheria miaka ya mwisho. Mwalimu wa uchumi na wa mikataba hawakutani hata kwenye mtihani. Kuiita programu kama hiyo “fungamano” ni kuipamba kwa sifa isiyo nayo. Nakubaliana na malalamiko hayo, ila nadhani yanalitetea neno badala ya kuliangusha. “Jumuishi” na “unganishi” yangeipitisha programu hiyo bila swali. “Fungamano” linaisimamisha mlangoni. Kwa programu inayotoa vyeti viwili kwa ada moja bila zaidi, jina halali ni “shahada pacha”, na hakuna aibu ndani yake.

Linabaki suala la gharama, na hapa sina ubishi na mzazi wa Sikonge au Urambo. Miaka 5 ni mingi, hasa ukikumbuka kwamba baada ya shahada mhitimu wa Tanzania bado anaingia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Lakini urefu haumo katika maana ya fungamano. Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa 1961, kilikuwa na shahada ya kawaida ya sheria, na bado ndimo alimofundisha William Twining, aliyerudi Ulaya na mwaka 1966 akashiriki kuanzisha mfululizo wa vitabu wa kuisoma sheria katika mazingira yake. Kilichohitajika kilikuwa walimu wa fani mbili kukubali kuuliza swali moja. Kwa hiyo wanaoandaa kamusi za sheria na miongozo ya vyuo waweke vidahizo viwili: “shahada pacha” kwa mpangilio wa vyeti, na “shahada fungamano” kwa mtaala ambao swali la mtihani wa mikataba halijibiki bila historia. Cha kwanza kihesabiwe kwa miaka. Cha pili kikaguliwe kwa karatasi za mitihani.