Vipindi Vilivyotulea: Kutoka Redio ya Betri hadi King'amuzi

SEHEMU YA 1: KABLA YA PICHA

Wiki hii chanjo na uji wa lishe vipumzike kidogo. Tuongee kuhusu vipindi tulivyokulia navyo. Ila mnanijua, nesi ni nesi, mwisho wa siku nitawarudisha kliniki tu.

Mliozaliwa miaka ya 2000 mtabisha, lakini Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994. Wenzetu Zanzibar walitutangulia mbali sana. Wao walikuwa na TVZ, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huku bara Mwalimu Nyerere aliiona televisheni kuwa anasa kwa nchi ambayo watu wake wengi hawana hata umeme. Kwa hiyo kwa miaka yote hiyo mwalimu wetu, mchekeshaji wetu na bibi yetu wa hadithi alikuwa mmoja: Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD.

Waliokulia Kongwa na vijiji vyake wanajua. Redio moja ilikuwa ya nyumba tatu nne. Betri za National zikianza kuchoka zinaanikwa juani ili jioni zijikongoje mpaka taarifa ya habari iishe. Watu wazima walivunjika mbavu na Pwagu na Pwaguzi. Sisi watoto tulikuwa na Mama na Mwana cha Debora Mwenda, na kikianza hata mtukutu wa mtaa anakaa chini. Hatukuona picha hata moja, lakini kila mtoto alikuwa na sura zake kichwani.

Nataka ushike kitu kimoja hapo, maana nitakirudia: tulisikiliza PAMOJA. Kesho yake kisimani na shuleni kila mtu alikuwa na la kusema kuhusu hadithi ileile.

SEHEMU YA 2: HADITHI AMBAYO DODOMA HATUKUPEWA

Hapa ndipo penyewe. Hili nililisoma nikiwa tayari mtu mzima, na kusema kweli lilinikalisha chini.

Julai 1993 RTD ilianza kurusha mchezo wa kuigiza ulioitwa Twende na Wakati. Ulisikika mara mbili kwa wiki. Mhusika aliyezungumzwa kuliko wote aliitwa Mkwaju, dereva wa lori, mlevi, mwenye wanawake kila anapoegesha gari, na asiyetaka kusikia habari ya kupanga uzazi. Mke wake ni Tunu. Anavumilia, anavumilia, halafu anaanza biashara yake ndogo ili watoto wale. Mkwaju anaishia kuugua UKIMWI. Mchezo ulipendwa kweli kweli, maana kila mtu alimjua Mkwaju mmoja mtaani kwake.

Sasa sikia. Mchezo huo ulirushwa karibu nchi nzima, isipokuwa kwetu. Kituo cha kurushia matangazo cha Dodoma kilikuwa kinaweka vipindi vingine muda huo. Haikuwa hitilafu ya mitambo. Ilipangwa hivyo. Watafiti, akiwemo Profesa Everett Rogers wa Marekani, walitaka kujua kama hadithi ya redioni inaweza kweli kubadili maisha ya watu. Ili ujue hilo, unahitaji sehemu iliyosikia na sehemu ambayo haijasikia. Sehemu ambayo haijasikia ikawa Dodoma. Tuliletewa mchezo huo Septemba 1995, miaka miwili na ushee baadaye.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1999 na 2000. Kulikosikika mchezo, wanandoa wengi zaidi walianza kutumia uzazi wa mpango, na watu walipunguza idadi ya wapenzi na kutumia kondomu zaidi. Dodoma mabadiliko hayo hayakuonekana kwa kiasi hicho, hadi na sisi tulipoanza kuusikia.

Kama nesi naielewa hesabu yao. Dawa mpya inajaribiwa hivyohivyo: kundi moja linapewa, jingine linasubiri, halafu unalinganisha. Bila hivyo hakuna ambaye angeweza kuthibitisha kwamba mchezo wa redio una nguvu, na nchi nyingine zisingekuwa na cha kuonyesha zilipotaka kutunga michezo ya aina hiyo. Dunia ilifaidika na kusubiri kwetu.

Lakini kama mwanamke wa huku, nahesabu tofauti. Mtoto aliyezaliwa Julai 1993, kufikia Septemba 1995 anakimbia na anaongea, na huenda mgongoni kwa mama yake tayari kuna mwingine. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Dodoma inakatiza Pandambili na Kibaigwa, na malori yanalala hapo. Malori yalipita kila siku. Hadithi ya dereva wa lori ndiyo haikupita. Sisemi madereva ni watu wabaya, wapo wenye adabu zao na familia zao. Nasema tu kwamba mama wa Kibaigwa alikuwa na haki ya kumsikia Tunu kama mama wa Mbeya.

SEHEMU YA 3: KWA NINI HADITHI, NA SIO BANGO?

Utauliza, kwani kliniki hazikuwepo? Zilikuwepo. Mabango yalikuwepo. Manesi tulikuwepo, tena wakali.

Njia ya kutunga michezo hii ilitokea Mexico. Miaka ya 1970 mtunzi mmoja wa televisheni, Miguel Sabido, alitengeneza tamthilia ambazo ndani yake kuna watu wa aina tatu: mwema, mbaya, na wa katikati ambaye anayumba kabla ya kuamua. Huyo wa katikati ndiye wewe na mimi. Ndiye Tunu. Ya kwanza kwa njia hiyo, ya mwaka 1975, ilihusu watu wazima kujifunza kusoma. Mwaka 1977 akaja na ya uzazi wa mpango. Hakuna anayehubiriwa. Unamfuata mtu unayempenda, anakosea, anajifunza, na wewe umo.

Utafiti wa Twende na Wakati ulionyesha jambo lingine ambalo mimi naliona kila siku kazini. Waliosikiliza walianza kuzungumza na wenza wao na rafiki zao kuhusu uzazi wa mpango. Hapo ndipo penye kazi, jamani. Mama akija kliniki, kumweleza vijiti, sindano, vidonge au kitanzi ni dakika chache tu. Kigumu ni lile swali la nyumbani: "Nitamwanzaje mume wangu?"

Ukianza na "mimi na wewe", anaweza kudhani unamshtaki. Ukianza na "umemsikia Mkwaju leo?", mnaongea kuhusu mtu wa tatu ambaye hayupo chumbani. Hakuna anayekasirika. Baada ya robo saa mmeshafika kwenu bila kujua mmefikaje. Wahenga walijua hilo zamani, ndiyo maana walimsema sungura na fisi badala ya kumsema jirani.

SEHEMU YA 4: CHOGO, ANTENA NA MAMA WAKWE

Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa watu binafsi, na 1994 ITV ya Reginald Mengi ikaja hewani. Televisheni ya Taifa, TvT, ikafuata mwaka 2000, na baadaye ndiyo ikawa TBC1.

Huku kwetu televisheni ilikuja polepole, chogo moja kwa mtaa mzima. Mwenye nayo anaitoa uani, inaunganishwa na betri ya gari, na kijana mmoja anashika mlingoti wa antena. "Geuza! Rudisha! Hapo hapo, usitikisike!" Picha ikijaa chenga anarudishwa kazini. Wasiokuwa na jirani mwenye TV wanaenda banda la video na sarafu mkononi.

Nani hakumjua Kaole? Kundi la Kaole kupitia ITV lilitupa michezo kama Jahazi na Dira, na humo ndimo tulipowaona Ray, Dr. Cheni na marehemu Steven Kanumba kabla hawajawa majina makubwa ya Bongo Movie. Kanumba alipofariki Aprili 2012, watu walilia kama wamefiwa ndani ya nyumba. Na walikuwa sahihi, alikuwa anakuja sebuleni kwao miaka kumi.

Halafu Isidingo ya Afrika Kusini, hiyohiyo ITV. Wengi tulikuwa tunaokoteza Kiingereza huku tukitafsiriana. Ndani yake alikuwemo Nandipha, msichana mrembo anayeishi na VVU, anafanya kazi, anapenda, anaishi. Kumbuka dawa za ARV bila malipo zilianza kutolewa kwa mpango wa taifa letu mwaka 2004. Kabla ya hapo wengi walijua UKIMWI ni kitanda na kukonda. Kumwona mtu mwenye virusi akicheka kwenye TV kulikuwa somo zito kuliko semina.

Joti na Masanja na wenzao wa Ze Comedy walianzia EATV, wakahamia TBC1. Joti akijifunga kilemba, hakuna aliyekuwa anaosha vyombo muda huo.

Na mwaka 2011 TBC1 wakatuletea Doudou na Mama Wakwe Zake, tamthilia ya kwanza ya Kichina kuingizwa sauti za Kiswahili. Mchina anaongea Kiswahili safi, anagombana na mama mkwe! Ilivuma hadi Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 akaitaja kwenye hotuba yake. Mimi nilichokipenda ni kwamba wake na mama wakwe walikaa mkeka mmoja wakaitazama. Yale ambayo mke hakuweza kumwambia mama mkwe, Doudou alimsemea.

Siri ya Mtungi nayo, iliyochezwa Bagamoyo na kuanza 2012, iliendeleza kazi ya Mkwaju kwa picha: ndoa, michepuko, uzazi, VVU, kupitia kijana mpiga picha anayeitwa Cheche.

SEHEMU YA 5: LEO NANI ANAWALEA?

Mwanzoni mwa 2013 mitambo ya analojia ilizimwa Dodoma, tukaingia zama za king'amuzi. Chenga zikaisha. Chaneli zikawa nyingi, kisha simu janja zikafika mpaka kijijini. Leo baba ana simu yake kwenye kochi, mama ana yake jikoni, mtoto wa miaka miwili ana ya shangazi. Kila mtu anacheka peke yake.

Sililii chogo, msinielewe vibaya. Watoto wetu wana vitu ambavyo sisi hatukuwa navyo. Ubongo Kids, katuni iliyotengenezwa hapahapa Tanzania, ilianza 2014 na inafundisha hesabu kwa nyimbo. Ndugu yake, Akili and Me, ni ya wadogo zaidi. Akili ni mtoto wa kike wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Sisi katuni zetu zote zilikuwa za kizungu.

Tulichopoteza ni yule mtu wa tatu. Kama hakuna hadithi mliyoitazama pamoja, utamwanzaje binti yako kuhusu hedhi? Utamwanzaje mumeo kuhusu kupima?

Basi nakupa mambo matatu, kama ninavyotoa dawa:

Moja. Mtoto chini ya miaka miwili, usimpe simu wala TV ya kumtuliza. Wa miaka miwili hadi minne, isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni vizuri zaidi. Huo ni mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019.

Mbili. Kipindi kimoja kwa wiki kiwe cha nyumba nzima. Simu chini. Tamthilia, katuni, hata mchezo wa redio, chochote mnachokipenda.

Tatu. Kikiisha, usifundishe. Uliza tu: "Wewe ungekuwa yule dada, ungefanyaje?" Halafu nyamaza, usikilize.

Dodoma tuliwahi kukaa miaka miwili bila hadithi, na dunia ikajifunza kutoka kwetu hadithi ina nguvu kiasi gani. Ingekuwa aibu sisi wenyewe tusijifunze.

Haya, zamu yenu. Kipindi gani kiliwakusanya nyumbani kwenu, na nani alikuwa anashika antena? Wiki ijayo tunarudi kwenye uji.