Barza ya Kinama: Mimea, Viti na Historia ya Mbele ya Nyumba

Bujumbura tunasema barza. Pwani wanasema baraza au kibaraza, Kirundi kinasema ibaraza, na Wabelgiji waliotawala hapa na Kongo waliandika barza katika Kifaransa chao wakimaanisha veranda. Si kawaida mtawala kuazima neno la mtawaliwa kwa kitu cha nyumbani mwake. Insha hii inafuata njia ya neno hilo hadi Kinama, kaskazini mwa Bujumbura, na inauliza swali ambalo wengine wataliona dogo: kwa nini watu wa mtaa uliohamwa na kubomolewa wakati wa vita wanapanga maua mbele ya nyumba zao? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba wanaiga majumba ya Kiriri na Rohero. Mimi naona jibu hilo halitoshi. Kupamba barza kuna historia yake, na historia hiyo inahusu nani anakaa mbele ya nyumba, saa ngapi, na pamoja na nani.

Tuanze pwani. Kamusi hulipa neno baraza maana zaidi ya moja: mahali pa kukaa mbele ya nyumba, mkutano, na chombo cha watu wanaoamua mambo. Ndiyo maana Tanzania iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa mwaka 1967, na Zanzibar ina Baraza la Wawakilishi. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, baraza za mawe na chokaa zimeshikamana na kuta za nyumba zikitazama njia. Lamu wana daka, kijibaraza chenye viti vya mawe kabla ya mlango, ambapo mgeni hukaa kabla hajakaribishwa ndani. Pambo la mahali hapo kwa kawaida halikuwa mimea. Lilikuwa mlango wenyewe uliochongwa, mkeka, birika la kahawa na bao. Maua ya kunukia kama asumini na mrehani yalikuwa zaidi mambo ya uani, upande wa wanawake, walioyatunga na kuyavaa. Kiswahili kina mzaha wake hapa: ua wa nyumba na ua la mti hutamkwa sawa, na ni wingi tu, nyua na maua, unaovitenganisha. Mbele palikuwa pa wanaume na maneno; nyuma palikuwa pa wanawake na harufu nzuri.

Baraza ilisafiri na misafara ya bara hadi Ujiji. Henry Morton Stanley, alipomkuta David Livingstone hapo mwaka 1871, aliacha maelezo ambayo wasomaji wengi huyaruka kwa kuharakia ile salamu maarufu. Anasimulia kwamba Livingstone alimwonyesha jukwaa la udongo chini ya upenu mpana wa nyumba. Palikuwa na mkeka, ngozi ya mbuzi juu yake, na ngozi nyingine iliyopigiliwa ukutani ili mgongo wa anayekaa usiguse udongo wa baridi. Kwangu mimi hayo ni maelezo ya barza iliyopambwa kwenye mwambao wa Tanganyika, na mwenye kuipamba alifikiria mgongo wa mtu kabla ya macho yake. Novemba ya mwaka huohuo wasafiri hao wawili walipanda mtumbwi kuelekea kaskazini, wakahakikisha kwamba Rusizi unaingia ziwani wala hautoki. Jiwe la Mugere, kusini mwa Bujumbura, lina majina yao na tarehe ya 25 Novemba 1871. Jiwe hilo haliwataji wapiga makasia. Wala tusiipambe Ujiji kupita kiasi: wakubwa waliokaa kwenye baraza zake walikuwa pia wafanyabiashara wa pembe na watumwa.

Milimani mpango ulikuwa mwingine. Rugo la Mrundi lilizungushiwa uzio, nyumba ikawa ndani yake, na mgeni alisimama kwenye irembo, yaani mlango wa uzio, hadi aitikiwe. Hapakuwa na jukwaa la kutazama njia. Mimea, hata hivyo, ilikuwapo tele, na kila mmoja ulikuwa na kazi. Mnyaa, ambao sisi huuita umunyari, ulifanya uzio. Umuvumu ulitoa magome ya kutengenezea impuzu, nguo ya zamani. Umurinzi ulihusishwa na ibada ya Kiranga, na jina lake linatokana na kurinda, ambalo ni lilelile kulinda la Kiswahili. Mahali palipokuwa na makao ya mwami huitwa ikigabiro, na hutambulika kwa miti mikubwa iliyobaki baada ya nyumba za miti na nyasi kuoza. Mwanafunzi wa historia afikirie jambo hili kwa makini: nyumba imekwisha, mti umebaki, na mti ndio hati.

Wajerumani walipoweka kituo chao Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, na Wabelgiji walipouchukua mji mwaka 1916, kulikuja barza ya aina ya tatu: veranda pana ya afisa, yenye viti vya kuegemea na mmea unaotambaa nguzoni. Umbo hilo nalo halikuzaliwa Ulaya; Wazungu walilizoea katika makoloni ya nchi za joto, India hasa. Bugenvilia, ambayo leo wengi huiona kuwa ni ua letu, ni mmea wa Amerika ya Kusini. Mfaransa Philibert Commerson aliukusanya Rio de Janeiro mwaka 1767 akiwa katika safari ya nahodha Bougainville, na jina la nahodha likabaki. Kwenye veranda za namna hiyo Mwafrika mwenye shida kwa kawaida alisubiri nje, na sebuleni hakuingia. Kwa hiyo neno lilibaki lilelile huku adabu yake ikipinduliwa: mahali pa kumkaribishia mgeni pakawa mahali pa kumzuilia.

Kinama imerithi yote matatu. Mitaa yake midogo ina majina ya nchi nzima, Bubanza, Ngozi, Muyinga, Ruyigi, Muramvya, kiasi kwamba mtu anaweza kutoka Ngozi hadi Muyinga kwa miguu kabla chai yake haijapoa. Nyumba nyingi zina ukuta au uzio kama rugo, na ndani ya uzio mna barza ya saruji kama ya mjini. Lakini huwezi kuieleza barza ya Kinama bila vita. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, mitaa ya Bujumbura iligawanyika kwa makabila, na Kinama pamoja na Kamenge ikawa miongoni mwa iliyoumia sana. Watu walihama, nyumba zikaharibiwa, mabati na milango vikachukuliwa. Mwanzoni mwa mwaka 2001, waliokuwa wamekwisha kurudi walikimbia tena wapiganaji wa FNL walipoingia Kinama na kupambana na jeshi kwa muda wa wiki mbili hivi.

Juu ya hayo kulikuwa na amri ya kutotoka usiku, ambayo jiji liliishi nayo hadi ilipoondolewa mwaka 2006. Vitabu hutaja amri hiyo kwa sentensi moja, kama jambo la polisi. Mimi nadhani inastahili sura nzima. Barza ni kitu cha jioni: jua likishuka ndipo viti hutolewa. Kwa zaidi ya miaka kumi jioni ilikuwa wakati wa kufunga mlango, na aliyekaa nje alijiweka katika hatari. Kizazi changu kilizaliwa mwishoni mwa hali hiyo. Wazazi wetu hawakuturithisha desturi ya barza. Waliianza upya, na wengine hawakuianza kabisa. Ndiyo sababu kiti kinachoachwa nje usiku na chungu cha maua kinachowekwa upande wa njia ni mambo ambayo mtafiti wa historia ya amani angepaswa kuyahesabu.

Angalia sasa kinachowekwa hapo. Madebe ya mafuta ya kupikia, jerikani za njano zilizokatwa katikati, matairi yaliyogeuzwa ndani nje na kupakwa rangi, mabeseni yaliyotoboka. Ndani yake mna bugenvilia, kotoni yenye majani ya rangi rangi, shubiri, na sansevieria yenye majani marefu kama visu. Huyu wa mwisho huuzwa Ulaya kama pambo la kisasa, kumbe asili yake ni Afrika ya Magharibi hadi Kongo. Mchaichai hupandwa karibu na ngazi, kwa chai na kwa imani kwamba hufukuza mbu. Barza zenyewe nyingi zimeinuliwa, na si kwa urembo. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mvua kubwa ilileta mafuriko na maporomoko kaskazini mwa Bujumbura, Kinama ikiwemo, na zaidi ya watu 60 walikufa. Anayejenga leo huuliza kwanza maji yatapita wapi, ndipo aulize viti vitakaa wapi.

Kitu kimoja kinahitaji maelezo marefu kidogo: chungu cha udongo. Ufinyanzi nchini mwetu umekuwa kwa vizazi kazi ya Watwa. Walifinyanga vyungu vya maji, vya kupikia na vya pombe, wakavibadilisha kwa chakula, kwa kuwa ardhi yao ilikuwa ndogo au hawakuwa nayo kabisa. Sufuria na jerikani za plastiki ziliwanyang'anya soko. Sasa chungu kimerudi mjini kama chombo cha maua, na barzani kinapewa mahali pazuri kuliko debe. Hapo ndipo historia inapokuwa ngumu kuimeza. Kwa muda mrefu majirani walinunua chungu cha Mtwa lakini wakakataa kunywa naye katika chombo kimoja wala kukaa naye mkeka mmoja. Chungu kilipita irembo. Mfinyanzi alibaki nje. Ukitaka kujua kama barza ya Kinama imebadilika kweli, usihesabu maua. Tazama anayeleta vyungu anapofika, kama anatolewa kiti au anahesabiwa pesa akiwa amesimama.

Kazi yenyewe pia imebadilika. Chungu cha maji kikivuja kilikuwa hasara ya mfinyanzi, na mnunuzi alikijaza maji kwanza ndipo alipe. Chungu cha maua kisipovuja mizizi huoza. Kwa hiyo fundi hukitoboa sakafuni udongo ukiwa bado mbichi.