Chuma Kilichoipiku Dhahabu

Novemba 2016, katika mnada wa kampuni ya Phillips mjini Geneva, saa moja ya mkono ilinunuliwa kwa zaidi ya faranga milioni 11 za Uswisi. Hadi siku hiyo hakuna saa ya mkono iliyokuwa imefikia bei hiyo mnadani. Haikuwa na almasi wala haikuwa ya dhahabu. Kasha lake lilikuwa la chuma cha pua, upana wake milimita 35, dogo kuliko saa nyingi wanazovaa wanaume siku hizi. Ilikuwa Patek Philippe, toleo namba 1518.

Toleo hilo lilizinduliwa mwaka 1941, Ulaya ikiwa vitani. Ndiyo saa ya mkono ya kwanza kutengenezwa kwa mfululizo ikiwa na kalenda ya kudumu, inayotambua yenyewe urefu wa kila mwezi na mwaka mrefu, pamoja na kronografu, yaani mtambo wa kupima muda kama ule wa mbio. Zilitoka 281 tu, karibu zote za dhahabu. Za chuma zinazojulikana ni 4, na ndizo wakusanyaji wanazozitafuta kwa udi na uvumba.

Uchache huo umepandisha bei, lakini kilichoifanya saa hii istahili kutafutwa kimejificha chini ya uso wake. Katika saa nyingi za aina hii kuna gurudumu dogo linalozunguka mara moja tu kila miaka 4, na ukingo wake umegawanywa sehemu 48, moja kwa kila mwezi. Penye mwezi wa siku 31 ukingo haukuchongwa. Mwezi wa siku 30 una pengo la kina kifupi, Februari ina pengo lililozama zaidi, na Februari ya mwaka mrefu kina chake kimepunguzwa kidogo. Mwezi unapokwisha, wenzo hushuka kwenye pengo hilo, na kadiri unavyozama ndivyo tarehe inavyorushwa mbele hadi kufika tarehe 1. Yote hayo yanaendeshwa na kamani na meno ya magurudumu, basi. Mwaka 2100 ndio wa kwanza utakaoikosesha, kwa sababu kwa kanuni ya mwaka 1582 ya Papa Gregory XIII hautakuwa mwaka mrefu.

Ujuzi huu ni wa zamani. Mwingereza Thomas Mudge aliuweka ndani ya saa ya mfukoni katika miaka ya 1760. Kuufikisha mkononi kulichukua zaidi ya karne moja na nusu: mwaka 1925 Patek Philippe walichukua mtambo waliokuwa wameutengeneza mwaka 1898 kwa ajili ya saa ya kike ya kuning'iniza, wakautia kwenye kasha la mkononi.

Nusura ujuzi wenyewe upotee. Desemba 1969 Seiko ya Japani ilitoa saa ya kwatzi, yaani ya betri, sahihi kuliko za kamani, na miaka iliyofuata maelfu ya mafundi wa Uswisi walipoteza kazi. Katika kipindi hicho kigumu fundi Kurt Klaus wa kampuni ya saa ya IWC alibaki mezani pake, na mwaka 1985 akatoa Da Vinci, ambayo kalenda yake yote hutiwa majira kwa kifundo kimoja. Kabla ya hapo, saa ikisimama wiki kadhaa, mwenyewe alilazimika kudonoa vitufe vidogo ubavuni mwa kasha, kimoja kimoja. Naamini Klaus anastahili heshima kubwa kuliko bei zote za minadani.

Na kazi haijaisha. Mwaka 2020 kampuni ya Parmigiani Fleurier ilitoa saa ya mkono yenye kalenda ya kudumu ya Hijria, inayofuata mzunguko wa miaka 30 ambamo miaka 11 ina siku 355 na iliyobaki 354. Mtambo huo huenda kwa hesabu, kwa hiyo mwezi ukionekana siku tofauti na hesabu, aliyeivaa atafuata mwandamo.